Mlango mmoja, simu tatu

Leo siwaletei habari za wengine. Nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe, ili lisiwakute na nyinyi.

Mlima Nyiragongo ulilipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Tarehe 27 tuliamriwa kuhama sehemu ya mji wa Goma, na mimi nikashika njia ya Sake pamoja na familia nyingi. Begani nilikuwa na kompyuta, kinasa sauti, na kile kifaa kidogo cha USB chenye milango minne, kinachoitwa habu. Tulilala katika darasa la shule. Karibu kila mtu alikuwa na simu iliyozimika, na kila mtu alikuwa akitafuta mtu.

Walipoona kompyuta yangu bado inawaka, wakaniomba: "Ndugu mwandishi, tusaidie chaji kidogo tu." Nikachomeka habu, na mara simu tatu zikaning'inia. Watoto wakacheka, wakasema ni nguruwe anayenyonyesha. Mlango wa nne nikaweka kinasa sauti. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama aliyepotezana njiani na mtoto wake wa miaka saba. Nilitaka ifike redioni asubuhi.

Nilipoanza kuhamisha ile sauti, habu ikazima, ikawaka, ikazima tena. Sauti ikapotea. Simu nazo, baada ya saa nzima, zilikuwa zimepanda kidogo sana.

Nikamwendea: "Mama, unisamehe, sauti yako imepotea." Alinyamaza. Kisha akaanza upya, tangu rangi ya shati. Mara ya kwanza hakulia. Mara ya pili alilia.

Baadaye fundi alinieleza. Habu haizai umeme, inagawa tu ule unaotoka katika mlango mmoja wa kompyuta. Mlango wa USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500, wa USB 3.0 hutoa 900. Simu moja tu inaweza kutaka 1,000 au zaidi. Ukichomeka tatu, zote zinabaki na njaa, na kifaa kinachopitisha sauti au picha kinaweza kukatika. Kwa vifaa vingi, tafuta habu yenye adapta yake ya umeme.

Tangu siku ile ninafanya hivi. Ninapotoa sauti katika kinasa, simu zote zinatoka kwanza. Sihamishi tena: ninanakili, ninasikiliza nakala mpaka mwisho, ndipo ninafuta. Simu zinachajiwa kwa zamu, moja moja, na anayetafuta mtu wake anatangulia. Na simu ikiuliza kama iruhusu kompyuta kusoma yaliyomo, mwenye simu akatae. Alichokuja kutafuta ni chaji peke yake.

Tangazo la mama lilisomwa jioni badala ya asubuhi. Namshukuru Mungu, mtoto alionekana siku mbili baadaye, kwa jamaa waliomwokota njiani. Lakini zile saa zilizopotea, mama yule alizilipa yeye, na kosa lilikuwa langu.