Swali la Migomba

Mnyauko bakteria wa migomba ulipothibitishwa Kagera mwaka 2006, wilaya yetu ya Muleba iliguswa mapema. Kwetu Izigo tuliuita unyanjano: majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukikata shina linatoka usaha. Wazee walimfuata bwana shamba. Mimi nilipanda gari hadi Bukoba, nikaingia intaneti kafe na kuandika swali la shangazi kama alivyoliuliza: migomba inakauka, nifanyeje?

Kwa Kiswahili zilikuja kurasa zenye neno migomba, basi. Kwa Kiingereza nilijifunza mengi: ugonjwa ulielezwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, mmea wa jamii ya migomba, ukaonekana Uganda mwaka 2001. Yote kweli, ila shangazi alikuwa bado amesimama kibanjani hajui aanzie wapi.

Tangu hapo swali hilo ndilo kipimo changu. Kila injini ya kutafuta naipa hilo kwanza, na jibu ninalolitaka nalijua: ua dume livunjwe kwa mti wenye panda, panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, ulioambukizwa uondolewe. Baadaye nikasoma habari za Cyril Cleverdon, mkutubi wa Cranfield, Uingereza, aliyefanya vivyo hivyo miaka ya 1960 kwa mihtasari 1,400 ya makala za sayansi ya ndege. Maswali yanawekwa, watu wanaamua ipi inafaa na ipi haifai, kisha inahesabiwa mfumo umeleta ngapi za kufaa na umeziacha ngapi. Mizani hiyo inatumika hadi leo. Mwaka 2021 Kiswahili kiliingia katika Mr. TyDi, mkusanyo wa majaribio wa lugha 11: aya zetu kutoka Wikipedia zilizidi kidogo 130,000, za Kiingereza zikapita milioni 32. Kisichoandikwa, injini itakiokota wapi?

Siku hizi simu inanipa ua dume na moto wa panga katika majibu ya mwanzo, kwa Kiswahili, na nafurahi kweli. Tatizo lililobaki ni gumu zaidi. Humo humo huingia ugonjwa wa Panama, ambao ni wa kuvu wa udongoni. Kuvunja ua dume hakuuzuii. Asiyelima angezipa kurasa zote alama ya kufaa, maana zote zinataja mnyauko. Shangazi nikimsomea anazitenga papo hapo: huu wetu, huu siyo. Vipimo vya Kiswahili vinahitaji waamuzi kama yeye, na Izigo wapo wengi.