Njia ya Sur na Pikipiki Mbili

Kutoka Maskati hadi Sur ni mwendo wa kilomita 200 hivi. Barabara hupasua milima ya Hajar, hushuka Quriyat, kisha huandamana na bahari mpaka mwisho wake. Kushoto ni maji ya samawati, kulia ni majabali makavu yasiyo na jani. Sisi tuliolelewa chini ya minazi hatukudhani kuwa pwani yaweza kuwa tupu namna ile na bado ikavutia macho.

Wasomaji wetu wengi wana jamaa huko Omani, nasi tulikwenda kumzuru mpwa wetu aliye na miaka saba ya kazi Maskati. Tulimkuta na jambo lililomkosesha usingizi: alitaka kununua pikipiki. Tusemapo pikipiki, msomaji asidhani ni bodaboda ya Kongowea. Hizi ni zile kubwa za safari, zenye nguvu za kukaribia za mashindano, ila kiti chake hubeba watu wawili kwa raha, na masanduku ya ubavuni hubeba nguo za siku tatu. Wenye mbili walikuwa wakiuza, nao waliridhia azijaribu kwa safari moja. Mmoja alikuwa mwenzake wa kazini, mwenye Yamaha FJR1300. Wa pili alikuwa mhandisi wa Kitaliano aliyekuwa anarejea kwao, mwenye Moto Guzzi Norge.

“Mjomba,” alituambia, “hii ya kwanza ni ya akili. Ile ni ya moyo.”

Yamaha ina silinda nne zilizojipanga safu moja, injini yake hupozwa kwa maji, na tangi lake huchukua lita 25 za petroli. Guzzi ina silinda mbili tu, zilizochomoza kulia na kushoto kama viwiko vya mtu aliyejishika kiuno. Ukiipa moto ikiwa imesimama, mwili wake wote huinama kidogo upande mmoja, mithili ya ngamia anayetaka kuinuka. Jina lake nalo lina kisa. Mwaka 1928 Giuseppe Guzzi, ndugu yake Carlo aliyeshiriki kuasisi kampuni hiyo mwaka 1921, alitoka mji wa Mandello, kando ya ziwa Como, akaendesha pikipiki mpaka kaskazini kabisa ya Norwe. Watu wa zama zile hawakuamini kuwa pikipiki yenye springi gurudumu la nyuma ingekuwa imara, naye akaona jibu bora ni kwenda na kurudi. Norge ndilo jina la nchi hiyo kwa lugha ya wenyewe. Mpwa wetu alitusimulia hayo mara tatu kabla ya chai ya asubuhi, nasi tukajua moyo umekwisha kuelemea wapi.

Tuliondoka siku ya Ijumaa baada ya Sala ya Alfajiri. Tulipanda nyuma yake kwenye Yamaha, na rafiki yake akatufuata na Guzzi. Kabla ya kufika Sur tulisimama Qalhat. Mji huu ulikuwa bandari kubwa, na Ibn Battuta, yeye aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika hapa pia. Leo limebaki kaburi liitwalo la Bibi Maryam, kuba lake limeporomoka, likiwa limesimama peke yake juu ya bahari. Mwaka 2018 UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Ukitazama mawe yale yaliyotawanyika mpaka ufukweni, hutaona ajabu kuwa majahazi yaliyotia nanga kwao ndiyo yaliyotia nanga kwetu. Sur penyewe, mzee aliyetumiminia kahawa alitujibu kwa Kiswahili cha Unguja kabla hatujamaliza kumsalimu kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza.

Baada ya Sala ya Ijumaa tulibadilishana, tukarudi kwa Guzzi. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitarajia. Asubuhi, Yamaha ilikuwa tulivu mno hata mwendo haukusikika. Mara mbili tulichungulia begani kwa mpwa wetu tukaona mshale umevuka 140, na sheria pale ni 120, nazo kamera hazina idadi. Guzzi ilitetema, ikanguruma, ikatangaza kila kilomita iliyoongezwa, naye akaenda 110 akiwa ametosheka. Basi yule wa akili alikuwa na hila yake, na yule wa moyo alikuwa na busara yake. Hatuwaafiki wanaosema mambo haya ni mepesi.

Hata hivyo hesabu haikuacha kudai. Guzzi ilikuwa rahisi kuinunua, lakini fundi aliyeaminiwa na mwenyewe yuko Dubai. Tena injini yake hupozwa kwa upepo na mafuta, na msongamano wa Ruwi mwezi wa Juni, joto likizidi nyuzi 40, hauna upepo. Juu ya hayo, fedha zile zilikuwa na mdai mwingine: paa la nyumba ya mama yake, Bondeni, linalovuja tangu masika ya mwaka juzi.

Usiku ule mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Ikituzimikia Tiwi saa nane ya mchana, tutampigia nani?” Mpwa wetu alitazama kikombe chake.

Wiki hii ametuandikia. Amenunua Yamaha kwa kulipa mafungu manne, na fungu la paa limekwisha kufika Bondeni. Guzzi imechukuliwa na kijana wa Nizwa, kilomita 160 ndani ya nchi, na mpwa wetu ameshapanga Ijumaa ya kwenda kumtembelea.