Swali la Buta

Utotoni nilidhani watakatifu ni wale wa kwenye picha za kanisani tu, wenye mwanga kichwani. Baadaye nikasoma kwamba Mtume Paulo aliwaita Wakristo wa Korintho watakatifu, nao walikuwa wakigombana na kushtakiana mahakamani.

Sisi Warundi tuna mfano wa karibu zaidi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini katika Seminari Ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Wanafunzi 40 waliuawa.

Mwaka jana, katika nyumba tunayopanga hapa Kibenga, alihamia mwenzetu mpya. Rafiki yangu akaninong'oneza: "Huyu ni wa upande gani?" Mimi sikushikiwa bunduki, lakini nilijibu. Nilikisia kwa kutazama pua na kimo chake, tukacheka. Jumapili nikapokea komunyo kama kawaida.

Swali lilikuwa lile lile la Buta. Naamini vijana wale hawakujifunza kukataa alfajiri ile. Walikuwa wamezoea kula, kusoma na kusali pamoja kama ndugu. Utakatifu wa mtu wa kawaida ni mazoea hayo madogo, kabla ya siku kubwa kufika.

Juzi rafiki yangu aliniuliza tena, kuhusu mpangaji mwingine. Nikamwambia, "Muulize jina lake." Alinuna. Mpaka leo hatujasalimiana vizuri.