Mkimbiaji wa Alfajiri na Hadhari Yake

Nitakalolieleza humu si mas'ala ya elimu kubwa, wala mimi si katika wanavyuoni. Ni kisa kilichonipata mwenyewe hapa Kiberege, katika bonde la Kilombero, nami naona si vyema kukificha maadamu kina faida kwa nyumba za Waislamu.

Yapata miaka mitatu sasa tangu mganga aliponipima akaniambia kwamba sukari imezidi katika damu yangu, na pamoja na dawa akaniusia niutaabishe mwili. Nalikuwa nimestaafu ualimu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa barazani. Basi nikaazimia kukimbia kila siku baada ya Sala ya Alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kwani bonde letu li chini, chini ya milima ya Udzungwa, na ifikapo saa nne joto lake humlemea hata kijana.

Watu walicheka kidogo kumwona mzee akikimbia pasipo kukimbizwa. Sikujali. Nalijua ya kuwa katika Masahaba alikuwako Salama bin Al-Akwa' (R.A.), aliyewafuata kwa miguu yake wanyang'anyi waliochukua ngamia wa Mtume (S.A.W.), na kwamba Mtume mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bibi akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda yeye, akamtania kuwa hiyo ni malipo ya ile ya kwanza. Basi mbio si aibu. Aibu yangu ilikuwa katika jambo jingine: nalidhani kutawakali ni kutojali.

Desturi yangu ilikuwa kupita njia ya miguu iliyo karibu na reli ya TAZARA. Asubuhi moja ya kiangazi, nilipokwisha toka msikitini, nikabadili nia nikashika njia ya mashambani. Sikumwambia mtu, na simu nalikuwa nimeiacha kitandani. Giza lilikuwa halijaondoka. Mbele kidogo akatoka mbwa, peke yake, bila ya kubweka, mate yakimtiririka. Nikafanya lile lisilopasa kufanywa: nikaongeza mbio. Akanifuata, akaniuma shavu la mguu, nami nikaanguka mtaroni, kifundo kikateguka. Mbwa akaenda zake.

Nikakaa humo hata jua likapanda. Niliita, wala hapakuwa na wa kuitika. Nyumbani, mke wangu alipoona nimechelewa aliwatuma watoto wanitafute. Nao wakaenda wapi? Wakaenda njia ya reli, kwani ndiyo waliyoijua. Aliyeniokoa ni mchuuzi wa mkaa aliyekuwa akipita na baiskeli. Akalishusha gunia lake kando ya njia, akanipakia mimi mahali pake. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Nilipofika nikataka kulifanya jambo dogo. Nikasema, "Ni mkwaruzo tu." Mke wangu hakunijibu. Akaleta sabuni, akanimiminia maji na kuliosha jeraha robo saa nzima, kisha akasema, "Mwalimu, twende hospitali sasa hivi. Kichaa cha mbwa hakina subira." Alisema kweli. Dalili za ugonjwa huo zikisha dhihiri, ni nadra mno mtu kupona. Lakini aliyewahi kuoshwa na kuchanjwa kabla hazijatokea, kwa uwezo wa Mola huokoka. Nalichomwa sindano kwa siku zake zote, wala sikuikosa hata moja.

Lakini lililonichoma zaidi ya sindano ni maneno ya binti yangu. Yeye ni mwanafunzi wa sekondari, na mara nyingi alikuwa ameniomba ruhusa ya kufanya mazoezi ya mbio apate kuchaguliwa katika mashindano ya UMISSETA. Kila mara nalimkatalia, nikisema dunia imeharibika. Usiku ule, akinifunga kitambaa cha maji baridi mguuni, akaniambia kwa adabu, "Baba, wewe ni mwanamume, na bado hukuwa salama. Ikiwa hatari ni upweke, mbona umenikataza mbio, usinikataze upweke?"

Sikupata jibu. Nikawaza Hadithi ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Nikawaza pia onyo lake juu ya msafiri wa usiku aliye peke yake. Hofu yangu juu ya binti haikuwa ya uongo, kwani wako wanaume wasiomcha Mungu ambao huwavizia wanawake njiani. Lakini dhambi hiyo ni yao, si ya aendaye njia yake kwa heshima; na yatupasa kuwafunza wana wetu wa kiume kuinamisha macho yao kabla ya kufikiri kuwafungia binti zetu ndani.

Tangu siku ile nyumba yetu imejiwekea kanuni. Atokaye husema njia atakayopita na saa atakayorudi, na akibadili njia hurudi kwanza kusema. Hatutoki mpaka nuru idhihiri. Barabarani twakimbia upande wa kulia, tukiyakabili magari yajayo, khasa msimu wa kuvuna miwa, wakati malori na matrekta ni mengi. Na nguo zetu ni nyeupe zipate kuonekana mbali. Hatuzibi masikio kwa muziki wala kwa mawaidha, na hatukimbii juu ya reli kamwe. Tukisikia kwamba tembo wameshuka kutoka milimani, kama watokeavyo upande wa Mang'ula, siku hiyo twabaki uwanjani. Mbwa akitujia twasimama kimya, hatumkazii macho, kisha twarudi nyuma polepole. Simu haiachwi kitandani.

Siku hizi mimi na binti yangu twakimbia pamoja kwenye kiwanja cha shule, na binti wa shangazi yake amejiunga nasi. Nisipoweza, wao huenda wawili. Juzi alinipita akaniacha mbali. Nilipomfikia nikihema alikuwa akicheka. "Baba," akasema, "hii utailipa lini?" Nalikuwa nimemsimulia kisa cha Bibi Aisha, naye hakukisahau.

Ndugu msomaji, mwili ni amana, na mtoto ni amana. Tusiziache amana hizi mbili njiani peke yake, kisha tukasema tumetawakali. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote, wabillahi tawfiq.