Pima Si Pishi

Mwanafunzi wa uzamili wa fasihi hafurahii kusahihishwa maana ya neno na mchimba mashimo. Hayo yalinifika nyumbani kwetu Kwale, majuma machache kabla ya masika.

Mama alitaka birika la kukingia maji ya paa. La jirani lilikuwa na mita 1 kila upande na mita 1 kwenda chini, nalo lachukua lita 1,000. Mama aliomba la lita 2,000. Nami, kwa ujasiri wa msomi, nikaagiza mita 2 kila upande na mita 2 kwenda chini. Gharama ya jirani nikaizidisha mara mbili, nikazitoa fedha nilizodunduliza kwa karo.

Fundi alichimba siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Siku ya sita akaketi ukingoni, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, wataka birika au wataka bandari?"

Akanieleza kwa madebe. Debe moja, ukiongeza urefu, yatakuwa mawili. Ukiongeza upana, manne. Ukiongeza kimo, manane. Shimo langu lilikuwa la lita 8,000! Sakafu na kuta zilizohitaji lipu zilikuwa zimepanda kutoka mita za mraba 5 hadi 20, na saruji yangu ilitosha 10 tu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba lugha yangu ilikuwa imekwisha kunionya. Shibiri, dhiraa na pima ni vipimo vya mwili: kiganja, mkono, mikono iliyonyooshwa. Kibaba, kisaga na pishi ni vipimo vya chombo. Hakuna aliyewahi kuuza mchele kwa dhiraa. Mara ngapi nimefafanua darasani methali ya haba na haba hujaza kibaba, nikasifu subira, nisikiangalie kibaba chenyewe? Leo twasema mita, kisha mita ya ujazo, na kwa kuchangia jina zikanihadaa kuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Fundi ndiye aliyeliokoa birika. Tulirudisha udongo, tukaushindilia hadi kina kikabaki nusu mita: 2 kwa 2 kwa nusu, lita 2,000 kamili, na lipu ya mita za mraba 8. Saruji ikatosha. Karo haikutosha, ilikwisha katika ujira wa kuchimba na kufukia. Muhula ule niliukosa, nikakaa nyumbani nikimtekea Mama maji.