Cherehani ya Mutuka

Wageni wengi wanaofika Babati huonyeshwa Ziwa Babati na viboko wake, kisha hugeuzwa kuutazama Mlima Kwaraa. Mutuka hakuna anayewapeleka. Kwa hesabu za serikali ni moja ya kata za mji wa Babati, lakini ukifika unakuta mahindi na mbaazi katika shamba moja, ng'ombe njiani, na nyumba zilizoachana kiasi kwamba jirani humwita mwenzake kwa sauti. Sisi tulikwenda huko kununua vyombo vya marehemu.

Msomaji asishtuke. Wazo lenyewe lilitoka mbali. Mpwa wa mmoja wetu anayeishi Marekani alitueleza kwamba huko mzee akifariki, nyumba yake hufunguliwa kwa siku mbili tatu na kila kitu hubandikwa bei, kuanzia kabati hadi kijiko. Wako watu ambao kazi yao ni kuwahi foleni asubuhi, kununua, kupiga picha na kuuza tena kwenye mitandao kama eBay, iliyoanza mwaka 1995. Wazee wetu walikwisha kuifahamu biashara ya namna hiyo, kwani nguo za mitumba waliziita "kafa Ulaya". Kwetu vyombo vya marehemu havibandikwi bei mbele za watu, lakini vinauzwa. Matanga yakiisha, watoto hurudi Arusha na Dar es Salaam, deni la hospitali linabaki, na kabati haliliwi. Mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje na bei ikaanguka, nyumba nyingi za huku zilijifunza kwamba kitu kilichonunuliwa mwaka wa neema ndicho kinachouzwa mwaka wa shida.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisani kina mfuko mdogo wa kuwasaidia wagonjwa wasio na nauli ya kwenda hospitali. Tulikubaliana kununua vyombo vya zamani vilivyo imara, kuvisafisha, na kuviuza kwa WhatsApp ili faida iingie katika mfuko huo. Tulipopata habari kwamba kuna nyumba Mutuka inauza, tulikodi kirikuu, tukaenda watatu.

Tulipokewa na mdogo wa marehemu. Mjane alikuwa ndani amekaa kwenye mkeka. Tulimpa pole, tukamshika mkono, naye akaitikia kwa sauti ndogo. Hakutoka tena. Tulidhani ni uchungu wa msiba, maana ulikuwa haujatimiza miezi miwili.

Vitu vilikuwa vimetolewa uani chini ya mti. Kabati la mninga lenye kioo kilichopata madoa. Sanduku la bati, na ndani yake khanga za kiwanda cha Urafiki, kile kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Zilikuwa bado zina ukakamavu wa khanga mpya. Redio ya National. Chupa mbili za chai. Godoro. Na cherehani ya Singer ya kukanyaga, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono unapopita.

Godoro tulilikataa hapo hapo. Sisi tuliosomea uuguzi tunajua kunguni hujificha kwenye mishono, na godoro la mtu aliyeugua muda mrefu halisafishiki kwa kuanikwa juani. Katika droo ya kabati tulikuta vidonge vya presha na vya sukari, nusu paketi. Tafadhali, mama, vidonge kama hivyo usimpe jirani kwa kuwa naye ana presha. Vipeleke kituo cha afya. Wao wanajua namna ya kuviteketeza. Khanga na nguo za pamba ni rahisi: maji ya moto, sabuni, jua, halafu pasi yenye joto kila mshono.

Cherehani ya zamani usiinunue kwa macho. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likikwama mahali pamoja kila mzunguko, kuna chuma kimepinda. Angalia meno yanayosukuma kitambaa kama hayajalika. Toa bobini. Kisha shona kipande cha kitambaa ulichokuja nacho, ugeuze uone upande wa chini, kwa maana mshono huharibika chini kwanza. Hii ilishona vizuri ajabu. Ilikuwa na mafuta mabichi. Jambo hilo lilipaswa kutuamsha, lakini tulilifurahia tu.

Tulitoa shilingi 140,000 kwa cherehani, 90,000 kwa kabati na 25,000 kwa sanduku pamoja na khanga. Tukaandika hati ya mauziano kwenye karatasi ya daftari, tukatia sahihi, tukajiona watu makini.

Siku ya pili tulipiga picha. Hapa tungependa kuwaonya wanaoanza: pigeni picha mchana nje ya nyumba, na doa mlionyeshe, maana mnunuzi wa mbali akidanganywa mara moja hawezi kurudi. Na msitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 tumejifunza kwamba ujumbe unaweza kutungwa. Angalieni salio lenyewe. Kabla ya jioni mama mmoja wa Arusha alikuwa amekubali cherehani kwa 230,000 na kutanguliza 100,000. Tulihesabu faida ya 90,000 kabla ya nauli ya basi. Tulikwisha kumfikiria hata mgonjwa wa kwanza.

Kulikuwa na kidroo cha pembeni kilichokwama. Tulikifungua kwa ncha ya kisu ili tukisafishe. Ndani mlikuwa na chaki, utepe wa kupimia, na daftari dogo. Ukurasa kwa ukurasa: jina la mtoto, bega, kifua, kiuno, urefu wa sketi, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki. Sare za shule. Mwandiko ulikuwa wa mwanamke, na tarehe ya mwisho ilikuwa ya wiki moja kabla ya msiba.

Tulikaa kimya pale sebuleni. Hatukuwa tumenunua cherehani ya marehemu.

Akina mama, jambo hili tulipaswa kulijua, na labda nawe unalihitaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza kwamba ndoa haibadilishi mwenye mali: kilichokuwa cha mke kinabaki chake, na mume akifariki hakiingii katika mirathi. Na vile vilivyokuwa vya marehemu kweli, ndugu hawezi kuviuza kwa kuwa tu ni mdogo wake. Ukoo hukaa, humpendekeza msimamizi, naye huthibitishwa na mahakama. Kwa familia nyingi za kwetu ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi huyo hutakiwa ndani ya miezi 4 kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu za mgawanyo, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda. Swali la kumwuliza muuzaji ni moja: karatasi ya usimamizi iko wapi? Sisi tuliuliza kuhusu bobini.

Tulimrudishia yule mama wa Arusha fedha zake usiku ule. Alikasirika, na alikuwa na haki. Asubuhi tulikodi kirikuu tena, tukapakia vyote vitatu, na safari hii tulimpitia mjumbe kwanza ili awepo.

Hatutaeleza yote yaliyosemwa uani. Mdogo wa marehemu alisema alikuwa na deni la jeneza na chakula cha msiba, na tunaamini alisema kweli. Deni la msiba haliandikwi kwa jina la mtu lakini kuna anayedaiwa. Alikuwa na 60,000 mkononi, akatupa. Zilizobaki aliahidi baada ya mavuno ya mbaazi, mjumbe akaandika. Kabati na sanduku vilirudishwa ndani, visubiri kikao cha ukoo na mahakama. Mfuko wa wagonjwa ulipungua kwa shilingi 195,000 na nauli mbili za kirikuu, na Jumapili tulisimama mbele ya wenzetu tukaeleza. Mmoja alituuliza kwa nini hatukumuuliza mjane siku ile ile tulipomshika mkono. Hatukuwa na jibu.

Mjane alitoka nje tulipokuwa tunashusha cherehani. Hakuiangalia mashine kwanza. Alivuta kidroo, akatoa daftari, akapitisha kidole mpaka ukurasa wa mwisho, akasema sketi nne zilikuwa zimebaki na shule imekaribia kufungua. Kisha akakaa, akakanyaga mara mbili, akasikiliza. Akatuuliza kama tuna sindano namba 16, kwa kuwa iliyokuwamo imepinda kidogo.

Hatukuwa nayo. Jumamosi tulimpelekea pakiti.