Sikio la Kufa

Wahenga walinena kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Kwa kawaida methali hii humlenga mkaidi. Huko Kimana, Kajiado, humwangukia hata asiye na kosa.

Siku ya soko, vipaza sauti hunadi mitumba, pikipiki hunguruma zikielekea Oloitokitok, na kinu cha kusaga mahindi hakinyamazi. Msagaji amesimama kando ya mtambo huo miaka mingi, masikio wazi. Mama mmoja mkulima wa nyanya anaingia na debe lake.

"Mwanangu, nimefika."

"Umeshika nini, mama?"

Wateja wanaangua kicheko.

Kicheko hicho chaficha msiba. Ndani ya sikio mna seli zenye vinywele vidogo mno zipokeazo mitetemo ya sauti. Kelele kubwa ya muda mrefu huziua, nazo kwa binadamu hazimei tena. Aghalabu hutangulia zile za sauti nyembamba, na pamoja nazo hufifia konsonanti kama f, s na sh. Irabu husikika, neno likapotea: fika ikawa shika, fumbua ikawa sumbua.

Kanuni za kazi za Kenya za mwaka 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Kanuni hazisomwi kinuni.

Wanalugha huulinda ulimi, wakasahau kwamba neno hukamilika sikioni. Sikio likishakufa, dawa haipo. Iliyopo ni kinga, nayo yafaa likingali hai.